Mashavu ya Mama Yako

Mlandege, Iringa
Jumamosi alasiri

Tusa mwanangu,

Zamani shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Nimeandika barua nyingi za namna hiyo, kwa kaka zangu, kwa mama yako kabla sijamwoa, na sikumwogopea mtu yeyote kati yao. Ilikuwa desturi tu, kama kupiga hodi kwenye mlango ulio wazi. Leo nimeikumbuka sentensi ile nikashindwa kuiandika kwa mazoea. Hofu ninayo kweli, na wewe hata hujaondoka. Uko hapo jirani kwa Mama Vicky unasukwa, umesema utarudi saa kumi na moja.

Nimefunga studio mapema. Nimekaa kwenye kile kigoda cha wateja, mbele ya pazia la bluu, daftari nimeliweka magotini. Kwenye meza ya kompyuta sikai leo, maana nikikaa pale mkono unajitafutia kazi.

Habari za godoro, ndoo, sweta za baridi ya Uyole, huko Mbeya unakokwenda chuo, na namba ya kiti chako kwenye basi, shangazi yako Leah ameshakwambia tangu Jumatano, na atakwambia tena kesho asubuhi mpaka basi liondoke. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninachotaka ni kukueleza niliyoyafanya. Mengi unayajua. Moja hulijui, nimelifanya juzi, nalo ndilo limenikalisha hapa.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa na kamera moja ya filamu na baiskeli. Kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa nazunguka vijijini, Kalenga, Tanangozi, mpaka Ifunda nikipata nguvu. Siku zile hakuna aliyeniambia nimpunguze. Watu walitaka kunenepa. Kuna mama mmoja wa Tanangozi alivaa sweta mbili ndani ya gauni, juani, jasho linamtiririka, ili dada yake aliyeolewa Songea akiiona picha ajue kwamba huku watu wanakula. Mwanamume mwingine alijaza hewa mashavuni, mimi nikachelewa kubonyeza, akaishiwa pumzi, picha ikatoka amefumba macho na mdomo uko wazi. Aliikataa picha ile tukagombana nusu saa. Mtu mwembamba siku zile alikuwa mtu mwenye njaa, au mwenye mke mchoyo, au mgonjwa. Na ugonjwa wenyewe tuliujua. Huku kwetu tumezika sana, Tusa. Mtu akikonda kidogo tu, watu walianza kumsalimia kwa sauti ya chini.

Nakwambia haya usije ukadhani zamani watu walikuwa na akili kuliko nyinyi. Walikuwa wanadanganya kwa kuongeza, basi. Mimi ndiye niliyekuwa nawapigia picha za uongo wao, na nilijiona fundi.

Mama yako alikuwa na mashavu. Akicheka, macho yalikuwa yanapotea kabisa. Nilimwona mara ya kwanza kwenye harusi ya rafiki yangu kule Tukuyu, nikapoteza filamu nzima juu yake, bwana harusi akabaki na picha sita. Mimi nilikuwa mkavu kama ufito. Siku nampeleka kwetu alinitazama kwenye basi akasema, "Wewe Mhehe, nikikuegemea si utavunjika?" Nilimwambia ajaribu. Na wewe ulipozaliwa, bibi yako alikuja kutoka Uyole, akakufunua uso, akasema "Ndaga," akamshukuru Mungu kwa lugha yake, kisha akanigeukia: "Huyu si wa Iringa. Mashavu haya ni ya kwetu."

Kisha ikaja kansa. Unakumbuka mwaka ule, ulikuwa darasa la saba. Safari za Dar es Salaam, mionzi, kurudi, kulala, kwenda tena. Mama yako alipungua mpaka nikawa nambeba kutoka kitandani mpaka barazani bila kuhema. Wiki tatu kabla hajatutoka, asubuhi, alikuwa amekaa barazani amejifunga kanga ya njano, akaniambia nilete kamera.

Nikamwambia, "Tusubiri upate nafuu."

"Nafuu gani? Piga."

Nilipiga. Alitazama kamera moja kwa moja, hakucheka, hakununa. Kisha akasema, "Hiyo ndiyo mtakayoibeba." Niliitikia ndiyo.

Siku aliyofariki nilikuja hapa kuiandaa picha ile. Tayari kompyuta ilikuwepo. Nikaifungua, nikamwona mama yako alivyo, mifupa ya mashavu, shingo, macho makubwa. Nikawaza watu watakaokuja. Nikawasikia kabisa kichwani: "Kansa gani hiyo? Kakanyaga miwaya huyo, ni ukimwi, wanaficha." Nikawaza wewe utakavyokwenda shule. Nikamjaza. Nilikwenda kwenye picha ya harusi yetu nikapima, nikarudi, nikavuta shavu la kulia, nikavuta la kushoto, nikaziba mashimo ya shingoni, kanga nikaiacha ileile ya njano. Nilimtii nusu. Picha ilikuwa ileile aliyoichagua, ila yeye nilimtoa.

Nawe ndiye uliyeibeba. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, fremu ilikuwa kubwa kuliko kifua chako, ukatangulia mbele ya jeneza. Watu wakasema amependeza. Bibi yako alisogea akaitazama muda mrefu, akaniuliza mbele ya wazee wa kanisa, "Huyu nani?"

"Mama, si Atu huyo?"

"Simjui. Mwanangu nimemwogesha jana kwa mikono yangu. Yuko wapi?"

Nikasema huzuni imemchanganya. Wazee wakamshika mkono. Akaukataa mkono wao, akatembea peke yake upande wa pili wa jeneza mpaka makaburini, picha ile hakuitazama tena. Nilimkasirikia bibi yako miaka mingi kwa aibu ile. Mtu mzima ananiumbua siku ninayomzika mke wangu. Hivyo ndivyo nilivyoiona.

Sasa nije kwako.

Ulipofika kidato cha pili kazi ilikuwa imebadilika. Wasichana walikuwa wanaingia hapa simu ziko mkononi, wananionyesha dada wa mtandaoni mwenye kiuno cha nyigu na ngozi isiyo na hata chunusi, wananiambia, "Baba Tusa, nitoe kama huyu." Nami nikawatoa. Nilijifunza kupunguza mikono, viuno, videvu. Maharusi wote wa mji huu, nikiwapanga, utadhani walizaliwa na mama mmoja. Sikusema napunguza watu. Nilikuwa nasema nasafisha picha. Neno lilelile tulilokuwa tunalitumia wakati wa filamu, tulipokuwa kweli tunasafisha kwa dawa kwenye chumba cha giza.

Siku ya kipaimara chako ulivaa lile gauni jeupe alilolishona shangazi yako. Ulikuwa na mikono ya mtoto anayekula, na mashavu yale. Nilikupiga picha nje ya kanisa, kando ya nguzo, ulikuwa unacheka kwa sababu kwaya walikuwa wamekosea kuingia. Ilikuwa picha nzuri. Niliporudi hapa nikaifungua, na mwanangu, naapa, sikukaa nikaamua. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kwa wengine siku nzima. Nikavuta mikono ndani. Nikavuta kiuno. Nikayafuata mashavu, upande huu na upande ule, mpaka yakaisha. Kisha nikaichapa kubwa nikaitundika pale mlangoni, wapita njia waone kazi.

Ulirudi kutoka shule ukasimama chini yake na begi mgongoni. Ukauliza, "Baba, huyu ni mimi?"

Nikakujibu, "Ni wewe, ila umependeza zaidi."

Nimeirudia sentensi ile mara nyingi kuliko sala yoyote. Ningeweza kusema hapana, siyo wewe, ni uongo wa baba yako, hebu ngoja niishushe. Ilikuwa kazi ya dakika moja na ngazi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhudumia mteja mwingine.

Picha ile ilileta watu. Walikuja wasichana wa shule yako, wakaja wa mbali. "Nataka nitoke kama yule wa mlangoni." Walikuwa wanasema hivyo wewe ukiwepo, umekaa hapo unafanya kazi za shule, na hakuna aliyekutambua. Hilo sikuliona siku zile. Wewe lazima uliliona.

Yaliyofuata uliyafanya wewe, lakini mimi ndiye niliyekuchorea ramani. Ulianza kusema umekula shuleni. Shangazi yako alikuta ugali nyuma ya banda la kuku wa jirani, akadhani watoto wanachezea chakula. Ulikuwa na simu ile ndogo niliyokununulia, ndani yake wasichana wa Dar na wa nje wanaelezana jinsi ya kushinda na maji na ndimu. Mzee Kihongosi, yule anayekaa na mizani ya kupima watu uzito karibu na soko, ndiye aliyekuja kuniambia. Akasema, "Binti yako ananijia kila siku akitoka shule. Nilidhani mnamtuma kunichangia." Kila siku, Tusa. Ulikuwa unavua viatu kwanza.

Na mimi nilifanyaje? Hapa ndipo ninapoona aibu ya kweli. Nilifurahi. Niliona unaanza kufanana na picha nikafurahi, kwa sababu watu walikuwa wanakutambua sasa. Siku moja nilikupiga tena, hapahapa kwenye kigoda hiki, nikaitazama picha nikacheka, nikakwambia, "Sasa sina kazi ya kukupunguza." Ulicheka nawe. Ulikuwa umevaa sweta mwezi wa kumi na moja, watu wote wanalia joto.

Wa kwanza kuogopa walikuwa wengine, na waliogopa jambo ambalo silo. Kina mama wa kanisani wakaanza kukusalimia kwa sauti ya chini. Shangazi yako akakupeleka kupima bila kuniambia. Ulikuwa mzima, akarudi analia kwa furaha, akasema Mungu mkubwa, tukanunua nyama. Ulikaa mbele ya ile nyama ukaikatakata vipande vidogo vidogo. Tulikuwa tumekutafutia ugonjwa tunaoujua sisi, tusipouona tukasema huna ugonjwa. Katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kumwona mtu akikataa chakula chakula kikiwepo. Wazee wetu waliishi wanakitafuta. Tungejuaje jina lake?

Halafu ukaanguka mstarini, kidato cha nne, mwezi wa tano. Mwalimu alinipigia nikafunga duka nikiwa na mteja ndani. Hospitalini yule daktari wa kike akaniuliza, "Mzee, binti anakula?" Nikamjibu anakula. Nilijibu haraka, kama mtu anayejua. Akainua shuka akanionyesha miguu yako. Akasema moyo wako umechoka, unapiga kama wa mtu mzima aliyefanya kazi ngumu maisha yake yote, na kwamba tukichelewa tena hatakuwa na la kufanya. Sikuwa nimeiona miguu yako tangu ukiwa mtoto.

Ulikaa pale wiki tatu. Siku ya kurudi nyumbani ulipita hapa mlangoni, ukaikuta picha imeshushwa na ukuta umebaki na alama safi ya pembe nne. Ukapita ndani. Wiki ya pili, ulipokuwa unanisaidia kupanga mafaili ya kompyuta, uliipata picha ya mama yako ile ya kwanza, ya barazani, kabla sijaigusa. Niliona mgongo wako umesimama. Ukageuka, ukaniuliza bila kupandisha sauti, "Baba, humu ndani kuna mtu hata mmoja uliyemwacha alivyo?"

Nikakuahidi kwamba nimeacha. Sikuacha. Niliacha kwa wiki tatu, halafu akaja bwana harusi mmoja na bibi harusi wake, nikarudia, nikaendelea. Nilikuwa nafanya ukiwa shuleni, ukirudi nafunga programu. Najua ulijua, maana ulikuwa unagusa mgongo wa kompyuta unasikia joto. Ndivyo tulivyoishi humu miaka miwili, wewe unaficha ugali, mimi naficha picha, tunasalimiana vizuri asubuhi.

Sitakwambia uache simu. Mtu niliyeshindwa kuacha kipanya cha kompyuta nitamkataza nani? Nitakwambia siri ya kazi tu, uifanyie utakalo. Ukiona msichana kwenye simu ana kiuno kile, usimtazame yeye. Tazama kilicho nyuma yake, mlango, dirisha, kigae cha ukutani. Utakuta kimepinda. Nilipokuvuta kiuno siku ile, nguzo ya kanisa ilikuja nayo. Miaka miwili picha ile ilikaa mlangoni, wakapita wainjilisti, wakapita mafundi ujenzi, kanisa lao limepinda na hakuna hata mmoja aliyeliona. Wote walikuwa wanakutazama wewe, na wewe hukuwemo.

Sasa la juzi.

Ulikuja Alhamisi kupiga pasipoti za chuo. Ulikaa hapa nilipokaa. Ukaniambia, "Baba, usiguse." Nikasema sigusi. Nikapiga nne, ukaenda zako kwa shangazi.

Nilizifungua. Nimekuona kila siku mwezi huu, lakini kwenye picha ndipo nilipoona, hivyo ndivyo macho yangu yalivyoharibika. Umeanza tena. Mashavu yameingia. Ule mkanda wako niliuona kwenye kamba ya nguo una tundu jipya, umelitoboa kwa msumari. Shangazi yako anataka nikuzuie mwaka mzima, analia jikoni, anasema tunakupeleka Mbeya kufa. Nami nikiwa natazama picha zile nikawaza watu wa chuo. Watakuona hivi watasema ni mgonjwa. Watanong'ona juu yako. Nikawaza nikusaidie kidogo.

Nikavuta shavu la kulia. Nikavuta la kushoto. Nikaziba shingoni.

Nilipoegemea nyuma nitazame, Tusa, alikuwa amekaa mama yako. Siyo mama yako mwenyewe. Yule niliyemtengeneza, yule uliyembeba mbele ya jeneza. Mkono wangu ulikuwa umekumbuka kila kitu, kiasi kilekile, mviringo uleule. Nilikuwa nimekaa mchana kweupe naandaa picha ya mazishi ya mwanangu, na yeye yuko jikoni anaongea na shangazi yake.

Mwanangu, naogopa utakufa. Sijawahi kukwambia kwa maneno hayo. Tumekuwa tunasema afya, tunasema nguvu, tunasema kula vizuri. Naogopa utakufa, na naogopa kwamba nitaletewa kazi hiyo mimi, na naogopa kwamba mkono wangu unajua jinsi ya kuifanya.

Nikayafuta yote niliyoyavuta. Nimezichapa kama zilivyotoka, nne, ziko kwenye bahasha hii. Mifupa iko, kivuli cha chini ya macho kipo, kovu la paji la uso ulilolipata kwenye mlango wa gari la mjomba lipo. Sijagusa kitu. Wakinong'ona, wanong'one wakikuona wewe.

Shangazi yako hajui kwa nini sikukuzuia, anadhani nimechoka. Si hivyo. Hapa kwangu kila ukuta una mtu niliyempunguza, na mimi mwenyewe simo katika watu wanaoweza kukutazama sawasawa. Nimeitafuta nafsi yangu nione ni nani basi anayeweza, nikampata mmoja. Ndiyo maana nilikataa hosteli, ukanuna. Nakupeleka ukakae kwa mtu pekee aliyewahi kuukataa uongo wa picha yangu. Bibi yako ni mkali, atakupikia mbalaga, zile ndizi za kwao, mpaka ukasirike, atakuuliza maswali ya aibu mbele ya watu. Lakini atakuona. Ukikonda ataona siku ileile, ukinenepa ataona, ukimdanganya hatakubali kushikwa mkono na mtu yeyote. Na yule daktari aliyekutibu ameniandikia barua ya rufaa kwa daktari wa huko, iko chini ya nguo zako upande wa kushoto. Nenda nayo hata kama hutaki. Hili ni agizo, ndilo moja tu nililojiruhusu.

Sikuombi upende mwili wako. Sijui hata hilo jambo linafanywaje, mimi nimeishi kwa kutoupenda mwili wa watu. Nakuomba tu uubakize. Ukibaki upo, mwembamba au mnene, tutajua la kufanya baadaye.

Kuna picha ya tano kwenye bahasha, imefungwa peke yake na karatasi nyeupe. Ni mama yako, barazani, kanga ya njano, alivyokuwa. Niliichapa jana baada ya miaka sita. Ukifika usimpe bibi yako mbele ya watu. Subiri muwe wawili, mfungulie, mwambie baba amesema huyu hapa. Kama atanitukana, mwache anitukane. Kama atalia, kaa naye, na mkiwa mnaitazama ujitazame nawe, maana siku hizi mnafanana, na katika picha ile mwenzako alikuwa na kansa. Wewe huna.

Nasikia sauti yako nje, unabishana na Mama Vicky kwamba amekukaza mno upande mmoja. Nafunga.

Ukishafika usinitumie picha, hata moja. Nitaitengeneza, najijua. Krismasi panda basi, uje mwenyewe, nikuone.

Baba yako